Voli: Mnyama wa Nyasi Asiye na Jina la Kiswahili

Katika hadithi ya watoto ya Kenneth Grahame, The Wind in the Willows, iliyochapishwa mwaka wa 1908, mhusika mmoja mashuhuri huitwa Panya ilhali si panya. Ni voli wa majini. Ikiwa Waingereza wenyewe huyachanganya majina hayo, mfasiri wa Kiswahili hana budi kutatizika zaidi, kwani kusini mwa Sahara hakuna voli wa asili. Huenda akaishia kuandika "panya" au, vibaya zaidi, "fuko". Makala haya yanaeleza maisha ya mnyama huyu, hasa voli wa kondeni aishiye Uingereza, ili ibainike kwa nini majina hayo mawili hayamfai.

Voli ana kichwa cha mviringo, pua butu, masikio yaliyofichwa na manyoya, na mkia mfupi usiofikia nusu ya urefu wa mwili. Voli wa kondeni, kwa jina la kisayansi Microtus agrestis, huwa na uzito wa gramu 20 hadi 40 hivi. Panya wa nyumbani hula karibu kila kitu. Voli huyu hula nyasi. Nyasi husaga meno, kwa hivyo magego yake huendelea kukua maisha yake yote, bahati ambayo hata ng'ombe hana. Tena, kwa kuwa nyasi hazina lishe nyingi, hula mchana na usiku, akipumzika na kurejea malishoni kila baada ya saa chache.

Wala si fuko. Fuko huishi chini ya ardhi na kula mizizi. Voli huchimba pia, lakini ulimwengu wake hasa ni ule ulio kati ya udongo na vilele vya nyasi ndefu. Humo hukata mashina na kujifanyia vijia vyembamba. Anayezifunua nyasi hizo kwa mikono ataviona vijia, vipande vya majani vilivyokatwa, na vinyesi vidogo vya kijani. Theluji inapoanguka, voli halali usingizi wa kipupwe. Huendelea na shughuli zake chini yake.

Mimba huchukua wiki tatu hivi, na jike huzaa watoto wanne hadi sita kwa kawaida. Anaweza kushika mimba nyingine punde tu baada ya kujifungua. Makisio yaliyochapishwa mwaka wa 1995 yaliwahesabu voli wa kondeni wa Uingereza kuwa milioni 75. Hata hivyo, ni wachache wanaoumaliza mwaka, kwa maana bundi, kozi, mbweha na wanyama wa jamii ya kicheche huwategemea. Katika maeneo mengi idadi yao hupanda na kuporomoka kila miaka mitatu au minne, jambo ambalo Charles Elton wa Oxford alianza kuliandikia mwaka wa 1924, na ambalo wanasayansi wangali wanalijadili. Voli wakipungua, bundi hutaga mayai machache na baadhi ya makinda hufa njaa. Wakizidi, mkulima ndiye aliaye: mwaka wa 2007 voli wa jamii nyingine waliharibu mazao katika eneo la Castilla y León, Uhispania.

Lipi basi liwe jina lake? "Panya-nyasi" linavutia, lakini Kenya ina panya wake wa nyasi, Arvicanthis, ambaye angelidai jina hilo kwa haki. Neno "voli" ni geni, naam, lakini halimpotoshi msomaji. Mara ya kwanza alitumiapo, mfasiri atahitaji kuongeza maelezo mafupi tu: mnyama mdogo mla nyasi, mwenye mkia mfupi na masikio yaliyofichika.