Gari la baba lisiozee uani: Anza na breki, rangi ije mwisho

Magari mengi ya kale yanaozea katika nyua zetu huku wenyewe wakingoja siku watakapopata fedha. Makala haya yanaeleza jinsi familia ya kawaida inavyoweza kulifufua gari kama hilo nyumbani, hatua kwa hatua, bila kujitumbukiza katika madeni.

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walikuwa wakizungumzia nyumba, lakini mwenye gari kuukuu anaelewa maana ya usemi huo kuliko mtu mwingine yeyote. Tundu la kutu linalotoshana na shilingi leo, mvua mbili baadaye litapitisha ngumi.

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, na hata huko mashambani, si ajabu kukuta Peugeot 504, Volkswagen Beetle au Datsun ikiwa imefunikwa turubai lililochanika. Magurudumu yameishiwa pumzi na kuku wanataga chini ya siti. Namba zake za usajili ni zile za kale zisizo na herufi ya mwisho, ishara kwamba gari liliingia barabarani kabla ya utaratibu wa sasa ulioanza mwaka wa 1989.

Ukimwuliza mwenyewe, atakuambia kwamba gari ni la marehemu baba na kwamba siku moja atalitengeneza. Aghalabu siku hiyo haiji. Anayekuja ni mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake.

Hasara hiyo si ya familia moja tu. Magari hayo ni sehemu ya historia yetu. Beetle, lile la umbo la kobe, lilishinda mbio za Safari mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda mwaka wa 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Peugeot 504 nayo ilitia fora mwaka wa 1975 na 1978, kabla ya Shekhar Mehta kutamba na Datsun miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Nje ya mashindano, 504 ya mtindo wa stesheni wagen yenye safu tatu za viti ndiyo iliyowasafirisha watu wengi kwenda na kutoka mashambani. Ufaransa iliacha kuunda 504 ya saluni mwaka wa 1983, ilhali gari hilo liliendelea kuunganishwa humu nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Isitoshe, kwa kawaida gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Kwa hivyo kila gari la kale linalokatwakatwa na kuuzwa kwa kilo, si rahisi kupata jingine la kujaza pengo lake.

Karatasi na kikao cha familia

Kabla hujashika spana, tafuta kitabu cha usajili. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa humo. Ikiwa gari ni la marehemu, kumbuka kwamba ni mali ya urithi. Huwezi kulihamishia kwa jina lako bila idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Kuna kaka na dada ambao hawasalimiani leo kwa sababu mmoja wao alitengeneza "gari la baba" kwa fedha zake, kisha wengine wakadai fungu lao lilipoanza kung'aa. Ni heri kukaa kikao mapema na kuandika mliyokubaliana.

Ndani ya nyumba pia pawe na maelewano. Uraibu huu una tabia ya kula karo ya watoto kimyakimya. Amueni kiasi kitakachotengwa kila mwezi, hata kikiwa kidogo, na kikiisha kazi isimame hadi mwezi ujao. Gari lililolala miaka kumi na mitano halitakufa kwa kungoja wiki tatu zaidi, mradi liwe mahali pakavu. Likipata paa la mabati na matofali chini ya ekseli ili magurudumu yasibebe uzito, umeshapiga hatua kubwa.

Jua kama linaokoleka

Kosa linalowaponza wengi ni kukimbilia rangi. Gari likipakwa rangi nyekundu inayometameta, majirani husifu. Lakini rangi juu ya kutu ni kama poda usoni mwa mgonjwa.

Chukua bisibisi na sumaku. Dungadunga kwa bisibisi sehemu za chini: sakafu, kingo za chini ya milango na ndani ya matao ya magurudumu. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoboka. Pitisha sumaku kwenye bodi. Pale isiponata, jua pana puti iliyofichwa chini ya rangi.

Katika Beetle, inua siti ya nyuma. Betri hukaa hapo chini, na tindikali yake hula sakafu kwa miaka mingi bila mtu kujua. Hakikisha pia kwamba vichwa vya betri vimefunikwa vyema, kwani springi za siti zikivigusa mtu mzito anapoketi, moto unaweza kuzuka. Katika 504, tazama kwa makini pale shokomzoba za mbele zinapojishikiza ndani ya boneti. Sehemu hiyo ikiwa imeoza, kazi ni kubwa.

Wakazi wa Pwani wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Hewa ya chumvi ya Mombasa na Malindi hula chuma kwa kasi ambayo mtu wa Nakuru hawezi kuidhania.

Ni lazima pia tuseme ukweli: yapo magari yasiyookoleka. Ikiwa sakafu, matao na chesisi vyote vimekwenda, afadhali gari hilo litoe vipuri vya kuokoa jingine. Hilo nalo ni wokovu wa aina yake.

Breki kwanza

Gari lisilowaka halimwui mtu. Linaloua ni lile linalowaka na kukataa kusimama. Ndiyo maana fundi mwenye busara huanza na breki hata kabla ya injini.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakikaa miaka mingi, hukwamisha pistoni na kulisha kutu ndani ya mabomba. Yamwage yote. Badilisha mipira ya silinda za magurudumu, mabomba ya mpira na, ikibidi, mastasilinda. Baada ya hapo badilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970 yana mfumo mmoja tu wa breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja.

Tahadhari: lainingi za kale za breki nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji, nawe ukiwa umefunika pua na mdomo. Watoto wakae mbali.

Halafu kuna jeki. Jeki ni ya kuinulia gari tu. Kamwe usiingie uvunguni kabla ya kuweka stendi imara za chuma. Mawe na matofali si stendi. Hupasuka bila kupiga hodi.

Kuiamsha injini iliyolala

Wengi hutia betri mpya, wakapiga stata na kuharibu injini ambayo ingeweza kupona. Injini iliyolala huamshwa polepole.

Ondoa plagi zote. Tia kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, kisha uiache siku mbili tatu. Baadaye izungushe kwa mkono, kwa spana, kwenye puli ya mbele ya kranki (katika Beetle puli hiyo iko nyuma, kwa kuwa injini yenyewe iko nyuma). Ikigoma, usiilazimishe, ongeza oili na subira. Ikizunguka, mwaga oili nzee na utie mpya kabla ya kuiwasha.

Petroli ya miaka mingi hugeuka ulimbo. Safisha tangi na kabureta, na ubadilishe mipira yote ya petroli. Katika Beetle jambo hili ni la uhai na kifo: mpira uliochakaa ukivujisha petroli juu ya injini yenye moto, gari huteketea kwa dakika chache. Kazi ya petroli ifanyiwe nje, mbali na jiko la makaa na sigara.

Upande wa umeme, safisha pointi za distribyuta na upime mwanya wake. Kwa Beetle ni milimita 0.4. Beetle za kale zaidi hutumia umeme wa volti 6, kwa hivyo soma kwanza kabla ya kununua betri. Kagua nyaya pia, kwa maana panya hupenda sana mpira wake.

Ukiwa na 504, chunga maji. Hedi yake ni ya aluminiamu na hupinda injini ikichemka. Zibua rejeta, badilisha mipira yake, na utumie maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Jambo la kutia moyo ni kwamba laina za silinda zake huchomolewa. Zikichakaa, hutiwa mpya pamoja na pistoni bila kutoboa upya bloku nzima. Hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi wetu kulipenda.

Aidha, petroli yenye madini ya risasi iliondolewa katika soko la Kenya kufikia mwaka wa 2006. Madini hayo yalikuwa yakilinda viti vya valvu katika injini nyingi za kale zenye hedi ya chuma. Ukifungua hedi ya aina hiyo, mwombe fundi wa mashine akutilie viti vigumu vya kisasa.

Vipuri na mafundi

Jijini Nairobi, safari ya vipuri aghalabu huanzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan. Beba kipuri cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo. Omba risiti, na ukiona taa au kioo cha bei ya kutupa, jiulize kilitoka gari la nani.

Kisichopatikana dukani huenda kikaundwa. Mafundi wa jua kali hukata bushi, hushona viti na kukunja mabomba ya moshi kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo, usukani na breki visiwe mahali pa kubahatisha. Na gari likipelekwa kuchomelewa, tangi la petroli na betri viondolewe kwanza.

Darasa lisilo na ubao

Vijana wa shule wana mengi ya kufaidi hapa. Nguvu za mafuta katika breki, mvuke wa petroli, koili inayozidisha volti za betri hadi zikaruka kwenye plagi: yote haya wameyasoma katika fizikia bila kuyashika. Mkabidhi kijana kazi ya kupiga picha kwa simu kabla ya kila kitu kufunguliwa, na kutia skrubu katika mifuko yenye majina. Kazi hiyo huonekana ndogo hadi siku ya kurudisha vitu mahali pake. Wasichana nao wasisukumwe jikoni. Spana haijui mwanamume wala mwanamke.

Matunzo ya kila wiki

Gari likishapona, linataka kutembea. Liendeshe angalau mara moja kila wiki mbili, mwendo wa kutosha injini kupata moto kabisa. Kila Jumamosi pima oili, maji, mafuta ya breki na upepo wa matairi. Tazama ardhi lilipolala: doa jipya ni barua kutoka kwa gari. Soma pia tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye meno mazuri lakini la umri wa miaka kumi na zaidi halifai kwa barabara kuu.

Beetle halina rejeta. Hupozwa na upepo na oili. Kaza belti ya feni, na urekebishe valvu injini ikiwa baridi kila baada ya kilomita 5,000 hivi. Weka mikanda ya usalama mbele na nyuma, kwani mengi ya magari haya yalitoka kiwandani bila ile ya nyuma. Bima ya kuwalinda watu wengine barabarani nayo ni lazima kisheria, gari liwe jipya au kuukuu.

Baada ya hayo yote, sasa paka rangi. Huenda mwaka mmoja ukajikuta katika maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ambako waamuzi huchungulia hadi uvunguni. Huenda pia usifike huko, na gari likawa la kwenda kanisani, sokoni na mashambani wakati wa Krismasi.

Hiyo pekee inatosha. Wengi wamepoteza magari ya wazazi wao wakingoja mfuko mnono ambao haukuja. Debe moja la mafuta ya breki, jozi ya spana na Jumamosi moja vinatosha kuanzia. Haba na haba hujaza kibaba, na kutu nayo inaijua methali hiyo vilevile. Kazi yako ni kuitangulia.