Namna ya Kuijenga Desturi Mpya Hata Idumu

Leo twataka kueleza habari za jambo ambalo karibu kila mtu amelijaribu, na wengi limewashinda, nalo ni kuanza desturi mpya na kuidumisha. Mtu huazimia ya kuwa tangu kesho atachemsha maji ya kunywa, au atanawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, au atasoma kidogo kila jioni. Juma la kwanza hufanya kwa bidii. Juma la pili huacha siku moja moja. Mwezi mwingine ukiandama, habari imekwisha. Ndipo jirani husema, "Fulani hana moyo," naye mwenyewe husadiki hivyo.

Lakini je, kosa ni la moyo tu? Natutazame jambo la maji, kwa kuwa hilo ni jambo la uhai na mauti. Maradhi ya kuhara ni miongoni mwa maradhi yauayo watoto wengi walio chini ya miaka mitano, na maji machafu ni njia moja kubwa ya kuyaeneza. Maji yaweza kuwa maangavu kama kioo, na huku yamejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Dawa yake si ngumu. Yachemshwe mpaka yatokote sawasawa kwa dakika moja, na katika nchi zilizo juu sana milimani dakika tatu; kisha yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Shida si kujua. Shida ni kulifanya jambo hili kila siku, maana maji yaliyochemshwa jana na kwisha hayamfai mtoto anywaye leo maji ya kisimani.

Mwanzoni mwa karne hii wataalamu walilichungua jambo hili huko Busia, magharibi ya Kenya. Watu wengi wa huko walijua ya kuwa maji machafu huleta kuhara, tena walikwisha kusikia habari za dawa ya klorini ya kutia majini, ambayo iliuzwa madukani katika chupa. Hata hivyo waliokuwa wakiitumia nyumbani walikuwa wachache. Basi ikajaribiwa njia nyingine. Tangi dogo la dawa hiyo liliwekwa juu ya nguzo kando ya chemchemi, na dawa ikatolewa bure. Mtu ajapo kuteka hufungua, na hutoka kipimo kimoja kitoshacho chombo cha lita 20. Hutia dawa, huteka maji, na dawa hufanya kazi yake wakati yeye yu njiani kurudi nyumbani. Mtu wa kijiji chenyewe alichaguliwa kulijaza tangi na kuwakumbusha wenziwe. Ndipo watumiaji wakazidi sana kuliko wale wa chupa.

Hapa pana mafundisho makubwa. Watu walikuwa wale wale, na dawa ni ile ile. Gharama iliondolewa, na kazi mpya ikafungwa pamoja na kazi ya zamani isiyosahauliwa, yaani kuteka maji.

Mazoea ndivyo yalivyo. Mtoto ajifunzaye kuandika hufikiri juu ya kila herufi, na mkono wake huchoka. Akirudia siku nyingi, mkono hujiendea wenyewe. Mama aamkaye alfajiri hafanyi shauri kama afagie ua au asifagie. Akiuona ufagio na ua, kazi imeanza. Mahali na wakati humwita mtu kazini. Kwa hiyo atakaye desturi mpya asitegemee ukali wa azimio lake tu, bali aitafutie mahali na wakati wa kumwita.

Basi yafaa kufuata mambo manne.

La kwanza, ifunge desturi mpya nyuma ya desturi ya zamani. Usiseme, "Nitachemsha maji kila siku," maana "kila siku" haina saa. Sema, "Nikiisha kuepua chakula cha jioni, nitateleka sufuria ya maji juu ya moto ule ule." Mwanafunzi aseme, "Taa ikiwashwa, nitafungua kitabu."

La pili, anza na kidogo. Atakaye kusoma kurasa ishirini kila usiku aghalabu huacha usiku wa nne. Aanze na ukurasa mmoja, ambao hata aliyechoka hawezi kuukataa. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, tengeneza vyombo mapema. Sabuni iliyofungiwa sandukuni haimnawishi mtu. Iwekwe pamoja na maji, pale watu wapitapo wakitoka chooni na wakienda kula. Mtungi wa maji ya kunywa uwe na kifuniko, na kata yenye mpini mrefu itundikwe karibu, ili mikono isiyaguse maji.

La nne ni subira, na hili ndilo liwaangushalo wengi. Mwaka 2010 Bibi Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walichapisha habari za watu 96. Kila mmoja alichagua jambo moja la kula, au la kunywa, au la mazoezi ya mwili, alifanye kila siku baada ya jambo lile lile, kwa muda wa siku 84. Wataalamu wakahesabu siku ambazo jambo lilihitaji hata likawa jepesi kama mazoea. Mtu wa katikati alihitaji siku 66. Lakini watu hawakulingana hata kidogo: mwepesi wa wote alihitaji siku 18, na mzito alikadiriwa kuhitaji siku 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi kuliko mazoezi ya mwili. Basi anayeona mambo bado ni mazito baada ya mwezi mmoja asijilaumu. Huenda yu katikati ya safari.

Tena waliona jambo la kututuliza. Mwanachuoni William James wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alionya ya kuwa mtu asiruhusu hata siku moja kupita mpaka desturi iwe imeshika mizizi. Lakini katika uchunguzi wa London, aliyekosa siku moja hakuharibikiwa. Mazoea yaliendelea kukua karibu kama kwanza. Hatari ni kusema, "Nimekwisha kuvunja, basi." Ukikosa leo, rudi kesho, saa ile ile na mahali pale pale.

Hata hivyo tuangalie. Kwa mazoea, siku moja si kitu; kwa tumbo la mtoto, siku moja yaweza kuwa kitu kikubwa. Kwa sababu hiyo yafaa kuwa na maji ya akiba yaliyochemshwa, na mtu wa pili nyumbani ajuaye kazi hiyo, ili mama akiugua au akisafiri desturi isisafiri pamoja naye. Watoto wa shule waweza kuwa wasaidizi wema. Mtoto aulizaye kila jioni, "Mama, maji yamekwisha kutelekwa?" huifanya kazi ile ile ya mtu wa Busia aliyewakumbusha wenziwe kando ya chemchemi.

Basi jioni ya leo chagueni jambo moja, wala si matatu. Litafutieni desturi ya zamani ya kulibeba, mlifanye dogo, mviweke vyombo vyake tayari, kisha mlirudie bila kuhesabu aibu ya siku iliyokosekana.