Nyota kwenye kinyama cha taya: maabara inavyotambua seli zilizojifia

Mtoto akivimba taya, wengi wetu fikira ya kwanza ni jino. Atasukutua maji ya chumvi, atapewa dawa ya maumivu, na jino likianza kulegea atapelekwa kung'olewa. Mara nyingi huwa ni jino kweli. Lakini katika sehemu zenye malaria nyingi, na mwambao wetu umo, uvimbe wa taya unaokua kwa kasi waweza kuwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliiandikia mwaka 1958 akiwa Uganda. Jibu hutoka kwenye kinyama kidogo kinachokatwa na kupelekwa maabara. Na huko, miongoni mwa yanayotafutwa, ni vifo.

Vifo vya seli, ndugu msomaji. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake mwanzo huwa vimeshikana kwa ngozi. Hutengana kwa sababu seli za katikati hujifia kwa mpango. Mwaka 1972 watafiti Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hiki apoptosi, neno la Kigiriki la majani yanayopukutika. Seli husinyaa, kiini chake hujikaza na kukatika vipande, kila kipande hufungwa kwa utando wake, kisha seli za jirani huvila. Ni kama nyumba ya mawe inayobomolewa na fundi, jiwe baada ya jiwe. Seli iliyokufa kwa kukosa damu au kuungua ni kama nyumba iliyoporomoka: hufura, hupasuka, na vilivyomo humwagikia majirani.

Sasa turudi kwenye taya. Kinyama hicho hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Seli za Burkitt huonekana zimesongamana, zambarau iliyokoza, kama anga la usiku. Katikati yake mna madoa meupe yaliyotawanyika, na madaktari huita sura hiyo anga lenye nyota. Kila nyota ni seli mlaji, makrofeji, iliyojaa mabaki ya seli zilizojifia. Saratani hii huzaana kwa fujo hata seli zake nyingi zinakufa njiani, ila wanaozaliwa huwazidi wanaokufa.

Panapohitajika uhakika zaidi, hasa kwenye utafiti, ziko njia nyingine. Moja, iliyotangazwa mwaka 1992 na kujulikana kama TUNEL, hubandika alama kwenye ncha za DNA iliyokatika. Nyingine hutumia kingamwili zinazoshika kaspesi-3, kimeng'enya kinachoendesha ubomoaji huo, kikiwa tayari kimeamshwa. TUNEL ina kasoro yake: DNA hukatika pia seli ikiporomoka au ikioza, nayo yaweza kuzitia alama zote. Ndiyo maana mtafiti makini haitegemei peke yake.

Hapo kwenye kuoza ndipo penye shida yetu, kwa maoni yangu kubwa kuliko ya mashine. Kinyama kikishatoka mwilini huanza kujiharibu mara moja, na joto la pwani halikihurumii. Kinatakiwa kuingia kwenye fomalini upesi, fomalini yenyewe iwe angalau mara kumi ya ukubwa wake, na chombo kiwe na jina la mgonjwa. Kikilala kwenye kitambaa hadi kesho, viini husinyaa na kufifia vyenyewe, na anayetazama hawezi tena kujua ni seli gani iliyojifia mwilini na ipi iliyoozea njiani. Kipimo hurudiwa.

Mzazi ana haki ya kuuliza: kinyama kimetiwa kwenye nini, kinaondoka lini, majibu yatafika kwa nani? Uvimbe wa Burkitt waweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na ukiwahiwa, dawa za saratani huwaponya watoto wengi. Wiki mbili za kukata upya ni muda mrefu mno kwa mtoto huyo.