Pombe, ini na askari wa mwili

Wodini huulizwa mara nyingi na ndugu wa mgonjwa: "Sista, mbona baba anapewa dawa na macho bado ni ya manjano?" Mwezi huu tujaribu kujibu.

Ini husafisha damu itokayo utumboni. Ndani yake wamo askari, yaani seli za kinga ziitwazo seli za Kupffer, ambazo hukamata vijidudu. Mtu akinywa pombe nyingi kwa miaka, ukuta wa utumbo hulegea na sumu za vijidudu hupenya hadi kwenye ini. Askari hao huita wenzao, chembechembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, nazo humiminika kwa wingi. Zikipigana humo, huliumiza na ini lenyewe. Ini huvimba, macho huwa manjano na tumbo huweza kujaa maji.

Je, kuna dawa? Kwa baadhi ya wagonjwa mahututi, daktari hutoa prednisoloni, miligramu 40 kwa siku, hadi siku 28, ili kuwatuliza askari. Lakini askari hao, ijapokuwa ni wengi, huwa wamekwisha kuchoka na hawawezi kuua vijidudu vizuri. Tukiwatuliza zaidi, maradhi mengine hupata mlango. Katika utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000, waliopewa dawa hiyo 13 katika kila 100 walipata maambukizo makali. Wasiopewa walikuwa 7.

Kwa hiyo kwanza tunapima kama mgonjwa ana kifua kikuu au maambukizo mengine. Siku ya 7 damu hupimwa tena. Umanjano usipopungua, dawa haimsaidii, nayo husimamishwa. Msidhani tumemkatia tamaa, tunamkinga. Tena msiinunue dukani wenyewe.

Nyumbani fanyeni haya:

1. Aache pombe kabisa, hata ile "kidogo tu". Bila hilo hakuna dawa itakayofaa.
2. Mnywaji wa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Akitetemeka, akichanganyikiwa au akipata degedege, mleteni hospitali upesi.
3. Apewe chakula mara nyingi: uji, mayai, maharage, samaki.
4. Akipata homa, akitapika damu au akilala kupita kiasi, msingoje asubuhi.

Ini lililoumia huweza kupata nafuu likipumzishwa mapema. Mleteni akiwa bado anatembea.