Mali bila daftari: karatasi ya 1946 inavyotufundisha kuhesabu vipaji vyetu

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikusudia duka, lakini msemo huu unaingia barabara kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Wasomaji kadhaa wameniuliza zile takwimu za wachezaji zinazotajwa kwenye mechi za kulipwa zina maana gani, na kwa nini makocha wa ng'ambo huziuliza kabla hata ya kumuuliza kijana jina la baba yake. Njia rahisi ya kueleza ni kurudi mwanzo.

Tarehe 1 Novemba 1946, katika ukumbi wa Maple Leaf Gardens mjini Toronto, Kanada, ilichezwa mechi ya kwanza ya ligi ambayo leo tunaiita NBA. Wakati huo ilijulikana kama BAA. New York Knickerbockers waliwashinda wenyeji Toronto Huskies kwa pointi 68 kwa 66, mbele ya watazamaji 7,090. Ili kuvuta watu, waandalizi walimwingiza bure yeyote aliyemzidi urefu George Nostrand, mchezaji wa Toronto mwenye futi 6 na inchi 8.

Karatasi ya mechi ile ina nini? Mbele ya jina la mchezaji kuna vikapu alivyofunga, mitupo huru, faulo na jumla ya pointi. Ed Sadowski wa Toronto aliongoza kwa pointi 18. Kwa New York, Leo Gottlieb alipata 14, na Ossie Schectman, aliyefunga kikapu cha kwanza kabisa cha ligi hiyo, alipata 11. Safu ya faulo nayo ina kisa chake. Sadowski, mfungaji bora wa usiku ule, alijaza faulo akatolewa kabla mechi haijaisha, na timu yake ikapoteza kwa pointi mbili tu.

Sasa tazama kisichokuwepo. Nani alidaka mipira iliyorudi kutoka kwenye ubao, yaani ribaundi? Ligi ilianza kuzihesabu msimu wa 1950-51. Nani aliunyaka mpira mikononi mwa adui, au kuuzuia mtupo hewani, ile tunayoita bloku? Hayo yaliingia daftarini msimu wa 1973-74. Kikapu cha pointi tatu nacho kilikuja msimu wa 1979-80.

Kuchelewa huku kuliwagharimu watu. Bill Russell wa Boston alicheza kuanzia 1956 hadi 1969, akachukua ubingwa mara 11. Ribaundi zake zinajulikana: 21,620. Lakini bloku, kazi iliyomfanya aogopwe kuliko wote, hazina hesabu rasmi hata moja. Waliomwona wanasimulia, na wakishaondoka wao, masimulizi yanaondoka nao.

Mlinganishe na Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye futi 7 na inchi 3. Hakuwa mfungaji wa kutisha. Akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut msimu wa 2008-09, alipata wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mechi. Hiyo namba ya mwisho ndiyo iliyowashtua watu. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika uteuzi wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Kweli, mambo hayakumwendea vizuri baadaye, na daftari lilisema hilo pia bila kumwonea wala kumpendelea. Lakini mlango aliupata kwa sababu kuna mtu aliyekaa pembeni akahesabu.

Hivi karibuni nilipita Kisegi, kule ziwani upande wa Homa Bay na Migori. Jioni vijana walikuwa wakicheza kwenye uwanja wa udongo. Mmoja mrefu aliwazuilia wenzake mitupo hata hesabu ikanishinda. Mechi ilipoisha niliuliza nani anaandika, wakacheka. Na hapo hapo mwaloni, samaki hupimwa kwenye mizani na kilo zikaandikwa jina kwa jina, maana mvuvi asiyeandikiwa halipwi.

Sisi wa Pwani tusiwacheke. Timu ya wanawake ya KPA kutoka Mombasa imeiwakilisha Kenya katika mashindano ya vilabu Afrika, na huko takwimu huandikwa. Lakini binti anayecheza mechi za mtaani Likoni au Kisauni anabaki na nini mkononi? Sifa za mdomo hazitumwi kwa kocha wa chuo anayetoa ufadhili wa masomo.

Kuandika si kazi kubwa. Yatosha daftari la mraba na watu wawili, mmoja anatazama na kutaja, mwingine anatia alama. Chora safu za pointi mbili, pointi tatu, mitupo huru, ribaundi, pasi za kikapu, mipira iliyonyakuliwa, bloku na faulo. Mchezaji akifunga vikapu vinne vya kawaida, kimoja cha pointi tatu na mitupo huru miwili kati ya mitatu, basi ana 8, jumlisha 3, jumlisha 2, sawa na pointi 13. Andika pia mitupo aliyokosa, kwa sababu pointi 13 kwa mitupo kumi si sawa na pointi 13 kwa mitupo thelathini. Mwishoni mwa mechi piga picha ukurasa na uuhifadhi ukiwa na tarehe na majina ya timu zote mbili.

Walimu wa michezo na viongozi wa vilabu vya mitaa, msingoje bajeti ya kaunti kwa jambo la daftari na kalamu. Kila timu imteue karani wake kabla ya mechi ijayo. Kuna kijana ambaye bloku zake za wiki hii zitapotea kama hakuna wa kuziandika.