Kimya na Jina: Riwaya ya Aristotle na Dante mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

1. Utangulizi

Riwaya ya vijana humfuata mtoto anayevuka kuelekea utu uzima na kumwonyesha msomaji kinachomzuia njiani. Katika riwaya ya Benjamin Alire Sáenz, Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe, iliyotolewa Marekani mwaka 2012, kizuizi hicho ni kimya. Kijana wa miaka 15 anampenda mvulana mwenzake, lakini hana neno la kujiambia hivyo. Makala haya yanaeleza jinsi mwandishi alivyokijenga kimya hicho, kisha yanauliza swali linalowahusu wanafunzi wa lugha: je, Kiswahili kingempa kijana huyo maneno gani?

2. Mwandishi na mazingira

Sáenz alizaliwa mwaka 1954 katika jimbo la New Mexico, miongoni mwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Alisomea teolojia huko Louvain, Ubelgiji, akapata upadre, akauacha baada ya miaka michache, na baadaye akafundisha katika chuo kikuu mjini El Paso. Alikuwa amekwisha kupita miaka 50 alipotangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe anawapenda wanaume.

Hadithi inaanza El Paso katika kiangazi cha mwaka 1987. Mji huo uko mpakani mwa Texas na Meksiko, na humo Kiingereza na Kihispania husikika katika nyumba moja. Wahusika hujiuliza kama wao ni Wameksiko wa kweli au la. Kwa hiyo swali la “mimi ni nani?” lina pande mbili, upande wa asili na upande wa moyo, na mwandishi hautenganishi kamwe upande mmoja na mwingine.

3. Ujenzi wa kimya

Msimulizi ni Aristotle Mendoza, aitwaye Ari. Baba yake alipigana vita vya Vietnam na haongei juu yake. Kaka yake, Bernardo, yumo gerezani, na picha zake zimeondolewa nyumbani kana kwamba hakuzaliwa. Ari amejifunza kwa wazazi kwamba jambo zito halitajwi.

Kinyume chake ni Dante Quintana, anayekutana naye kwenye bwawa la kuogelea na kumfundisha kuogelea. Dante hulia waziwazi, humbusu baba yake, na husema analolifikiri. Siku moja ya mvua Dante anasimama barabarani ili kumwokoa ndege aliyejeruhiwa. Gari linakuja, na Ari anajitupa kumsukuma rafiki yake. Miguu yake yote miwili inavunjika. Hata hapo anapiga marufuku mazungumzo yoyote juu ya tukio hilo. Mwili umekwisha kusema, lakini ulimi unakataa.

Dante anakwenda kuishi Chicago kwa mwaka wa masomo. Kutoka huko anaandika barua nyingi, na katika barua hizo anafafanua kwamba moyo wake unawaelekea wavulana. Ari hujibu kwa nadra. Baada ya kurudi, Dante anapigwa vibaya na kundi la vijana waliomwona akimbusu mvulana mwingine. Hapo ndipo msomaji anapoelewa kwamba kimya cha Ari kina sababu: kusema kuna gharama.

Ufumbuzi unatoka kwa wazazi. Baba, aliyenyamaza miaka mingi, ndiye anayefungua kinywa kwanza kwa kusimulia habari za vita. Kisha wote wawili wanamwambia mwana wao kwamba anampenda Dante. Picha ya Bernardo nayo inarudishwa mahali pake. Kijana anajitambua baada ya nyumba nzima kujifunza kutaja yaliyofichwa.

4. Tatizo la Kiswahili

Mfasiri atakutana na matatizo mawili. La kwanza ni la sarufi. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Kiswahili hakitofautishi: “ninampenda” haisemi anayependwa ni nani, kama vile Kifaransa kinavyoficha katika “je l'aime”. Tofauti ni kwamba Kifaransa hufichua mara moja katika sentensi inayofuata, ilhali Kiswahili kinaweza kuendelea kuficha kurasa nzima. Jambo hili linaweza kuwa faida, maana sarufi yenyewe inashiriki katika kimya cha Ari. Lakini panapohitajika uwazi, mfasiri hana budi kuleta nomino au jina.

La pili ni la msamiati, nalo ni zito zaidi. Neno “shoga”, ambalo wanawake wa pwani huitana kwa urafiki, hugeuka kejeli likielekezwa kwa mwanamume. “Msenge” ni tusi. “Hanisi” hutaja upungufu wa nguvu za kiume, wala halihusu upendo. Maneno haya yote yanamtazama mtu kutoka nje. Hakuna hata moja ambalo kijana angelichagua ili ajieleze mbele ya mama yake. Istilahi ya magazeti na redio, “mapenzi ya jinsia moja”, haitukani, lakini ni nzito mno kinywani mwa msimulizi wa miaka 15 anayesema kwa sentensi fupi.

Njia iliyo bora inatokana na riwaya yenyewe. Uzito wote ubebwe na kitenzi cha kawaida pamoja na jina: “Ninampenda Dante.” Matusi yabaki vinywani mwa wanaotukana, ili msomaji ayasikie kuwa ni matusi.

5. Hitimisho

Kitabu hiki kilitunukiwa Tuzo ya Stonewall na Tuzo ya Pura Belpré mwaka 2013, na mwaka 2021 mwandishi alitoa sehemu ya pili. Pia kimelalamikiwa katika baadhi ya maktaba za shule za Marekani. Hata hivyo, thamani yake kwa mwanafunzi wa Kiswahili haitegemei tuzo wala malalamiko. Kinaonyesha kwamba lugha inayompa mtu matusi peke yake inamwachia hiari mbili tu: kujitukana au kunyamaza. Ari alinyamaza. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kwamba msomaji wa Lubumbashi au Bukavu aliye na umri wake anapata hiari ya tatu.