Je, Wajua? Puti na Masika ya Kilombero

Je, wajua ya kuwa puti, ule uji mzito ambao mwenye gari lililogongwa, akilitengeneza uani kwake Ifakara, huupaka juu ya bati lililobonyea, hunyonya maji? Basi apigaye msasa wa maji juu yake katika masika ya Machi hadi Mei, wakati hewa yenyewe ya bonde la Kilombero imejaa unyevu, kisha akaharakia rangi, hufungia ndani kutu ambayo, aghalabu, haikawii kuitoa rangi malengelenge. Fundi stadi hulinyoosha bati kwanza, akianzia ukingoni mwa bonyeo kuelekea kitovuni, maana nyundo nyingi mno hulitanua. Puti huipaka nyembamba, akaisugua kavu. Na kabla ya kuchomelea, hufungua waya hasi wa betri, tahadhari ambayo wengi, kwa bahati mbaya, huidharau.